Ziwa Victoria liliwahi kukauka, na barafu ya kaskazini ilikuwa na mkono. Uzi mrefu, leta kiti

#1 Mchota Tope (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna sauti ya dakika sita inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima. Jamaa anaongea kwa kujiamini kwelikweli kwamba mvua zetu zimevurugika "kwa sababu barafu ya ncha ya kaskazini imeyeyuka." Kwenye kundi letu imeshafika mara tatu. Mara ya tatu aliyeituma ni mjomba wangu, kwa hiyo kule nimenyamaza. Nimekuja kusemea huku.

Kinachonikera ni kwamba jamaa kashika mkia wa jambo la kweli halafu akauvuta kusiko. Ncha za dunia zina mkono kwenye upepo na mvua za ikweta, na mahali ulipoonekana waziwazi ni hapahapa kwetu. Ziwa Victoria lilikauka. Sisemi lilipungua, nasema lilikauka. Lakini masika yako kuchelewa wiki mbili ni kesi nyingine, na nitaifikia.

Mimi si mwanasayansi. Miaka ya nyuma nilipata kibarua na timu ya watafiti waliokuwa wakichukua tope chini ya ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuvuta kamba, kushika bomba na kupika chai. Bomba la plastiki linashushwa hadi sakafu ya ziwa, linadidimizwa, linavutwa juu likiwa limejaa tope lililoshindiliwa kama ugali wa dona. Linapasuliwa kwa urefu. Kwanza inakupiga harufu ya mayai viza, kisha unaona mistari: mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, myembamba kama ukingo wa kucha. Nilidhani ni uchafu wa msumeno. Yule mama aliyekuwa akiongoza timu akacheka, akasema, "Hiyo ni miaka. Hesabu."

Ziwa Chala, lile la kreta chini ya Kilimanjaro mpakani mwa Tanzania na Kenya, lina kalenda ya namna hiyo. Mstari mweupe ni magamba ya diatomu, mwani wadogo mno wanaostawi upepo wa Juni hadi Septemba unapoyakoroga maji na kupandisha rutuba kutoka chini. Mweusi ni wa majira ya maji kutulia. Mwaka wa upepo mwingi na ukame, mweupe unanenepa. Tope la Chala limesomwa kurudi nyuma miaka 25,000.

Narudi muda si mrefu, watoto wanataka simu.

#2 Kobe Mzee

Nimekaa mkao wa kula. Tiririka mkuu.

#3 Mchota Tope

Tuanze na upepo, bila huo hatutaelewana.

Pale jua linapochoma zaidi, hewa inapanda, inapoa huko juu, inamwaga mvua. Nafasi iliyoachwa chini inajazwa na upepo kutoka kaskazini na upepo kutoka kusini. Pepo hizo zinapokutana ndipo panaitwa Ukanda Mvua. Neno hilo utalisikia kila TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wakitoa utabiri wa msimu. Ukanda unafuata jua, unapanda na kushuka, na wale tunaopitiwa mara mbili kwa mwaka ndio wenye vuli na masika. Mzunguko huu wa hewa Mwingereza George Hadley aliuelezea tangu 1735, kwa hiyo hapa sijaleta jipya.

Sasa penye utamu ni hapa. Ukanda Mvua hufuata upande wenye joto kama paka afuatavyo jiko. Ukichukua wastani wa mwaka mzima haukai ikweta kamili, unakaa kaskazini kidogo, kwenye latitudo ya 6 hivi, kwa kuwa nusu ya kaskazini ya dunia ina joto kuliko ya kusini kwa digrii moja na ushee. Sehemu kubwa ya joto hilo wameletewa na bahari. Mkondo wa Atlantiki unabeba maji ya moto kutoka kusini, unavuka ikweta, unafika jirani na Greenland, unapoa, maji yanazama, yanarudi chini kwa chini.

Ukiimwagia kaskazini baridi, paka anahama. Hewa ya juu kabisa, zaidi ya kilomita kumi angani, inapeleka joto upande uliopoa. Ili mzunguko ukamilike, upepo wa chini unakwenda kinyume chake, na huo ndio uliobeba mvuke wa bahari. Joto linakwenda kwenye baridi, mvua inakwenda kwenye joto. Ukiishika hiyo, mengine yote ya uzi huu utayabashiri mwenyewe.

Mwaka 2005 John Chiang na Cecilia Bitz walifanya jaribio la kompyuta: wakaongeza barafu ya zama za kale kwenye latitudo za juu, huku ikweta hawakugusa kitu. Ukanda wa mvua ukaikimbia barafu ukaenda nusu ya pili ya dunia.

#4 Tajiri wa Mawazo

Chai hii. Barafu iko maelfu ya kilomita, sisi tuko na majasho yetu Mwanza, eti imekausha ziwa. Na nani aliyekuwepo akaona?

#5 Nahodha wa Tangambili

Kijana, kaskazi unaijua?

Mimi nimekulia Nungwi, babu yangu alikuwa serahangi. Desemba hadi Machi upepo unatoka huko juu, Arabuni na bara Hindi, bila kuulizwa na mtu. Majahazi ya Sur na Kuwait yalikuja nao yakishusha tende na papa mkavu, yakaondoka na kusi yamesheheni boriti za mikoko. Hakuna nahodha aliyewahi kulazimisha. Ukikosa kusi, unakaa.

Sasa jiulize, kaskazi inaanza lini? Ni wakati wa baridi kali ya Asia. Kule kunapoa, hewa inakuwa nzito, inamwagika kuja kwetu kwenye joto. Kule kukipata joto mwezi wa nne, tunaingia tangambili, tanga linalegea, kisha kusi inachukua zamu. Biashara yote ya pwani hii, na nusu ya maneno unayoyaandika hapa, ililetwa na baridi ya watu wengine. Kwa hiyo sioni ajabu ya huyu bwana.

#6 Mchota Tope

Nahodha, shikamoo. Umenimalizia aya tatu.

Tajiri, umeuliza nani aliona. Tope liliona. Victoria ni ziwa pana lakini halina kina: linapita kilomita za mraba 68,000, na sehemu yake yenye kina zaidi haizidi sana mita 80. Tanganyika inafika mita 1,470. Victoria ni sinia, Tanganyika ni mtungi. Watafiti walipotoboa sakafu ya Victoria hata kwenye kile kina cha mwisho, chini ya tope laini walikuta udongo mgumu uliowahi kukauka, na ndani yake vijizizi vilivyosimama wima. Nyasi haziotei chini ya mita 80 za maji. Mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka ilipo Musoma hadi ilipo Entebbe. Ilikuwa kati ya miaka 18,000 na 15,000 iliyopita hivi, kisha maji yakarudi.

Sasa upande wa pili wa dunia kipindi hichohicho. Mwaka 1988 Mjerumani Hartmut Heinrich alichapisha jambo la ajabu: ndani ya tope la Atlantiki ya Kaskazini, mbali kabisa na nchi kavu, kuna tabaka za changarawe na vijiwe. Jiwe halielei. Vilifikaje? Vilibebwa na milima ya barafu iliyomeguka kutoka gamba kubwa lililokuwa limeifunika Kanada. Barafu ikayeyuka njiani, mzigo ukadondoka. Maji yake matamu yakatandaa juu ya bahari, na maji matamu ni mepesi, hayazami. Ule mkondo niliousema ukalegea. Kaskazini kukaganda, paka akahama.

Venezuela wana ushahidi wao. Kwenye bonde la Cariaco, pwani ya kule, tope lina titani, madini ya udongo wa nchi kavu, inayoletwa na mito wakati wa mvua. Kila Greenland ilipopoa ghafla, titani ilipungua, maana mvua ilikuwa imeshuka kusini. Na kaskazini-mashariki mwa Brazili, ambako leo ni nusu jangwa, mawe ya mapangoni yanaonyesha mvua ilinyesha kwelikweli. Mmoja alinyang'anywa, mwingine akapewa.

#7 Nyar Kisumu

Ndugu, mimi nimezaliwa Dunga, mama ameuza samaki maisha yake yote. Kama ziwa lilikauka, hawa fulu walitoka wapi? Tuliambiwa wako mamia ya aina na hawapatikani kwingine.

#8 Mchota Tope

Dada, hilo swali liliwatia jasho wanabiolojia. Fulu, huku kwetu furu, wanakadiriwa kufika aina 500, na miaka 15,000 ni ufupi mno kwa kazi hiyo. Maelezo yenye nguvu sasa ni kwamba mababu zao walijificha mitoni na kwenye madimbwi ya jirani, na kabla ya hapo koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile, zilikuwa zimeshachanganya damu. Ziwa lilipojaa walikuwa na akiba ya kurithi mambo mengi, wakagawana ziwa haraka. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya.

#9 Ticha wa Kidato cha Tatu

Mleta uzi, kuna tundu kwenye hoja yako. Umesema kaskazini ikipoa, mvua inashuka kusini. Victoria iko juu ya ikweta, haya, ikose. Lakini Tanganyika yote iko kusini mwa ikweta, na Chala nayo. Zilitakiwa zifurike. Zilifurika?

#10 Mchota Tope

Ticha, nilikuwa nakusubiri.

Hazikufurika. Tope la Tanganyika linaonyesha ukame kipindi kilekile, na Chala nayo vilevile. Kwa hiyo ile hadithi ya ukanda kuhama kama pazia, huku kukikauka kule kukilowa, kwa Afrika Mashariki haitoshi. Ni nzuri kwa Atlantiki na Venezuela. Kwetu kuna mzee mwingine mezani, Bahari ya Hindi. Kaskazini ilipopoa na mzunguko mzima wa pepo za msimu kudhoofika, bahari yetu nayo ilipoa, na bahari baridi inatoa mvuke mchache. Hata upepo ukija kwa njia sahihi, unakuja na ndoo tupu. Kulowa kwa kusini kunaonekana ukishuka zaidi, upande wa bonde la Zambezi.

Ndiyo sababu huwa nawakwepa watu wenye jibu la sentensi moja. Mimi mwenyewe nilitoa moja kule #3, na imeshavuja kwenye #9.

#11 Ngamia Mmoja

Kwa hiyo kwa lugha nyepesi, wao wakivuruga kwao, bili inakuja kwetu. Si ndiyo?

#12 Mchota Tope

Ngoja nikupe visa viwili, halafu hukumu utoe wewe.

Cha kwanza hakina mkosaji. Tarehe 8 Juni 1783, huko Iceland, ardhi ilipasuka sehemu inaitwa Laki, ufa wa kilomita 27, ukamwaga moto na gesi hadi Februari 1784. Tani zipatazo milioni 120 za gesi ya salfa. Iceland ilipoteza zaidi ya nusu ya mifugo na kama moja ya tano ya watu wake. Ukungu ukafunika Ulaya, Benjamin Franklin akiwa Paris akauandika. Chembe za salfa zikalikinga jua nusu ya kaskazini, kiangazi chao kikapoa. Sasa kumbuka paka. Mvua za Ethiopia ndizo zinazoujaza Nile ya Bluu, na Nile ya Bluu ndiyo mafuriko ya Misri. Mwaka 1783 mto haukupanda ipasavyo, 1784 vilevile. Msafiri Mfaransa Volney alipita nchini humo miaka hiyo. Aliandika kwamba hadi Januari 1785 Misri ilikuwa imepoteza moja ya sita ya watu wake kwa kufa au kuhama. Mwaka 2006 watafiti waliurudia mlipuko huo ndani ya kompyuta, na mvua za Sahel (ule ukanda wa kusini mwa jangwa la Sahara) na za chanzo cha Nile zikapungua kama zilivyopungua kweli. Mkulima wa Misri mwaka ule angejuaje kwamba adui yake ni kisiwa asichowahi kusikia jina lake?

Na Laki haiko peke yake. Volkeno ya Alaska ililipuka 1912, El Chichón ya Mexico ikalipuka 1982. Kati ya miaka minne mikavu kuliko yote Sahel baina ya 1900 na 2010, mitatu ilitanguliwa na milipuko mikubwa ya nusu ya kaskazini.

Cha pili ndicho chenye uchungu. Sahel ilianza kukauka mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufikia kilele 1984. Ziwa Chad lililokuwa na kilomita za mraba kama 25,000 likabaki moja ya kumi. Nani alilaumiwa? Mfugaji. Mwaka 1975 Mmarekani Jule Charney alitoa nadharia kwamba malisho yakiliwa kupita kiasi ardhi inabaki nyeupe, inarudisha mwanga wa jua angani, mvua inakata. Kama nadharia haikuwa ya kijinga. Ila ilivyoshuka kwa wakubwa ikageuka kuwa "ng'ombe wenu wameleta jangwa." Mfulani, mfugaji wa kule Sahel, akanyooshewa kidole, na sisi tunaoishi jirani na Wamasai na Wasukuma tunaijua sentensi hiyo bila kufundishwa.

Mwaka 2003 kompyuta ililishwa joto la bahari tu, kama lilivyopimwa, bila ng'ombe hata mmoja. Ikautoa ule ukame wenyewe, na hata mpangilio wake wa miaka ukafanana. Bahari za kaskazini zilikuwa zimepoa kulinganisha na za kusini. Sehemu ya kilichozipoza ni moshi wa salfa wa viwanda na mitambo ya makaa ya Ulaya na Amerika Kaskazini, uliolikinga jua kama Laki ila polepole kwa miongo. Walipotunga sheria za hewa safi (walikuwa wanaokoa mapafu yao na misitu yao, Sahel haikuwa kwenye ajenda), salfa ikapungua na mvua za Sahel zikarudi kiasi.

Nasema "sehemu" kwa makusudi. Moshi haukuwa mkono pekee, bahari ina miondoko yake, na gesi joto nazo zimo. Ila mfugaji kuombwa radhi, hilo sijalisikia.

#13 Ngamia Mmoja

Aisee. Hapo kwa mfugaji umenigusa.

#14 Alizeti ya Singida

Mimi siyo mtu wa mitandao hii, binti yangu ndiye amenifungulia. Nimesoma yote. Naona kuna mjomba anasemwa hapa juu kuhusu sauti. Basi mjomba anauliza: barafu ya sasa inayeyuka au haiyeyuki? Na kama inayeyuka, kwa maneno yako mwenyewe kaskazini inapata joto, kwa hiyo mvua ingekuja upande huo. Sasa yule wa kwenye sauti kakosea wapi? Na nipande lini?

#15 Mchota Tope

Shikamoo mjomba. Nisamehe, sikujua huku unafika.

Barafu inayeyuka, na umeipiga hesabu sawasawa. Tangu 1979 Aktiki imepata joto karibu mara nne ya kasi ya wastani wa dunia. Bahari nyeupe iliyokuwa ikirudisha mwanga angani imekuwa bahari nyeusi inayoumeza. Kwa hiyo hilo peke yake linamvuta paka aende kaskazini.

Lakini kuna anayevuta kamba upande wa pili. Maji matamu ya Greenland na joto la bahari yanaulegeza ule mkondo wa Atlantiki. Tangu 2004 kuna vipimo vimetandazwa kuvuka bahari kwenye latitudo ya 26.5 kaskazini, vinausoma mkondo huo: wastani wake ni kama mita za ujazo milioni 17 kwa sekunde. Mito yote ya dunia ikijumlishwa haifiki hata milioni 2. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, inasema mkondo utadhoofika karne hii, na kwa uhakika wa kiasi kwamba hautakatika ghafla kabla ya 2100. Ukidhoofika sana, joto halifiki kaskazini, na mvua inavutwa kusini. Wavutaji wawili, kamba moja. Ndiyo maana mtu anayekwambia kwa sauti ya dakika sita kwamba matokeo yameshajulikana, kajipa cheo.

Kosa la jamaa, mjomba, ni kuchanganya vipindi. Barafu na mkondo ni mambo ya miongo na karne. Msimu mmoja wa kwetu unaendeshwa na jirani wa karibu. Vuli ya 2019 ilifurika kwa sababu maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, huku kwetu, yalipata joto kuliko ya upande wa Indonesia kwa kiwango kikubwa. Ukame wa Kenya, Somalia na Ethiopia wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo, uliandamana na La Nina (Pasifiki ya ikweta kupoa kuliko kawaida) ya miaka mitatu. Na nyinyi wa Singida hamna hata vuli na masika, mna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Hapo sauti ingeanza kwa kuuliza uko wapi.

Kupanda: subiri utabiri wa TMA wa msimu wenu, unatoka kabla ya Novemba, na uangalie wanachosema kuhusu vipindi vya ukavu katikati ya msimu kuliko jumla ya mvua. Alizeti inavumilia, lakini ikikosa maji wakati wa kutoa maua utavuna maganda.

#16 Tajiri wa Mawazo

Bado naona ni chai, ila sasa ina maziwa na iliki. Endelea.

#17 Nahodha wa Tangambili

Mmeongea kaskazini tu. Kusi je? Nao unatoka kwenye baridi. Kuna siku za mwezi wa saba inavuma hadi ngalawa zinalala pwani siku nne, na babu alikuwa akisema "huko chini kumechafuka."

#18 Mchota Tope

Babu alisema kweli. Kuzunguka Antaktika kuna pepo za magharibi zisizo na mlima wa kuzizuia. Mara kwa mara kipande cha hewa baridi kinachomoka kupanda juu, kinaukuta mgandamizo mkubwa wa hewa jirani na visiwa vya Mascarene, mashariki ya Madagaska, kinauongezea nguvu. TMA huutaja kwa jina hilohilo. Ukinenepa, kusi inachachamaa, huku bara Njombe na Makete wanaamka na barafu kwenye majani ya viazi. Upepo huohuo unapofika usawa wa Kenya unabanwa na milima, unakuwa mkanda wa kasi unaovuka ikweta, unapinda Somalia na kupeleka mvua India. J. Findlater aliuandika miaka ya 1960 kwa vipimo vya angani vya Kenya.

Na zile pepo za Antaktika zenyewe zimesogea kusini katika miongo hii, sababu mojawapo kubwa ikiwa tundu la ozoni. Hilo lina mkia mrefu na linahitaji post yake. Umeme umekatika na chaji imebaki asilimia sita. Nahodha, zile siku nne za Julai, kama babu aliacha daftari au hata kumbukumbu ya miaka, niwekee hapa nikirudi nizikute.